Prosija moja, majedwali mengi: nani anarudisha nini, na kwa gharama gani?

Mwanaprogramu aliyekulia kwenye SQL Server huandika prosija yenye SELECT tatu, huiita mara moja, na majedwali matatu ya matokeo hufika kwenye programu yake bila maneno mengi. Siku akihamia PostgreSQL na kuandika prosija ileile kwa PL/pgSQL, kanzidata humgomea wakati wa kuitwa: matokeo ya ulizo hayana pa kwenda. Kwenye Oracle hafiki hata huko, kwani prosija inakataliwa inapokompailiwa kwa hitilafu PLS-00428, inayodai neno INTO. MySQL nayo inaipokea vizuri na kurudisha majedwali yote, ila ulizo linalofuata kwenye muunganisho uleule linakwama kwa hitilafu 2014, kwamba amri zimeingiliana.

Kanzidata nne, tabia nne. Haishangazi kwamba mjadala wa jambo hili umejaa kauli zinazopingana. Wapo wanaosema PostgreSQL haiwezi kazi hii. Wapo wanaosema kurudisha majedwali mengi ni uandishi mbovu popote pale. Na wapo wanaoshikilia kwamba ndiyo njia ya kasi kuliko zote. Kila kauli ina ukweli wake, na kila moja inapotosha ikibebwa nje ya mazingira yake. Uchambuzi huu unaeleza tofauti hizo zilikotoka, unazipima njia nne zinazotumika, kisha unaonyesha ipi inafaa wapi.

## Tofauti ilikoanzia

Mzizi wa tofauti hizi ni swali moja: prosija ni kitu gani?

Kwa Sybase, na kwa SQL Server iliyozaliwa kutokana nayo, prosija ni kundi la amri lililopewa jina na kuhifadhiwa. Amri zilezile ambazo mtu angezituma mojamoja kutoka kwenye programu yake, sasa zinakaa kwenye seva. SELECT iliyotumwa moja kwa moja humrudishia mtumaji matokeo, kwa hiyo SELECT iliyo ndani ya prosija nayo hufanya hivyohivyo. Itifaki ya TDS inayobeba mazungumzo kati ya programu na seva iliundwa kwa fikra hiyo: ni mkondo ambao ndani yake jedwali moja huweza kufuatwa na jingine, na jingine tena, hadi seva iseme imemaliza.

Oracle ilianzia kwingine. Lugha yake ya PL/SQL ilichukua umbo lake kutoka Ada, lugha yenye masharti makali kuhusu aina za data. Prosija zilipoanza kuhifadhiwa ndani ya kanzidata katika Oracle7, mwaka 1992, zilihesabiwa kuwa programu kamili: kila thamani ina aina yake, na kila matokeo yana chombo cha kuyapokea. Ndani ya programu ya namna hiyo, SELECT isiyo na mpokeaji ni kosa la lugha. Anayetaka kumpa mwitaji mistari mingi sharti amkabidhi kursa, yaani kiungo cha ulizo lililofunguliwa ambalo bado halijasomwa.

PostgreSQL iliiga PL/SQL, na ikaongeza sharti la kwake. Kwa miaka mingi ilikuwa na fanksheni tu, na fanksheni inaweza kuitwa ndani ya FROM kana kwamba ni jedwali. Kitu kinachokaa mahali pa jedwali hakiwezi kuwa na maumbo matatu kwa wakati mmoja. Amri ya CREATE PROCEDURE ilikuja katika toleo la 11, mwaka 2018, na faida yake kubwa ilikuwa kuruhusu COMMIT na ROLLBACK ndani ya prosija. Wengi walipoliona neno PROCEDURE walidhani tabia ya SQL Server imekuja nalo. Haikuja.

MySQL ilipata prosija katika toleo la 5.0, mwaka 2005. Sintaksia yake inafuata kiwango cha SQL/PSM, lakini katika kurudisha matokeo inafanana zaidi na Sybase: kila SELECT isiyo na INTO huenda moja kwa moja kwa mwitaji. DB2 ilishika njia ya kati. Prosija yake hutangaza mapema idadi ya juu ya majedwali kwa maneno DYNAMIC RESULT SETS, kisha huacha wazi kila kursa iliyotangazwa kwa WITH RETURN.

Hapa hakuna aliyesahau kuongeza kipengele. Kila kanzidata inafuata jibu lake kwa swali lile la mwanzo, na jibu hilo limeenea hadi kwenye itifaki, draiva na zana zote zinazoizunguka.

## Haja yenyewe ni halali?

Ni halali. Tuchukue mfumo wa SACCOS. Karani anafungua ukurasa wa mwanachama mmoja mwenye akaunti 4, mikopo 3 na wadhamini 5 waliosajiliwa kwa jina lake. Taarifa zote ni mistari 12. Akiyaunganisha majedwali hayo matatu kwa JOIN kupitia namba ya mwanachama, anapata mistari 4 × 3 × 5, yaani 60, na kila akaunti inajitokeza mara 15. Ripoti ikijumlisha salio kwa SUM juu ya matokeo hayo, mwanachama mwenye akiba ya shilingi 200,000 ataonekana ana 3,000,000. Taarifa hizi hazina umbo moja, na kulazimisha umbo moja kunazaa makosa ya hesabu.

Njia nyepesi ni maulizo matatu, yaani safari tatu za mtandao. Gharama yake inategemea umbali. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Programu iliyo Dar es Salaam ikiongea na kanzidata iliyo Ulaya kupitia kebo yenye urefu wa kilomita 8,000, kwenda na kurudi kunachukua milisekunde 80 hata kabla seva haijafanya kazi yoyote. Safari tatu ni 240. Lakini programu na kanzidata zikikaa katika kituo kimoja cha data, safari moja mara nyingi haifiki hata milisekunde moja. Ubishi mwingi kuhusu kasi ungeisha kama kila upande ungetaja kwanza umbali huo.

Kuna sababu nyingine mbili. Moja ni usalama: mtumiaji hupewa ruhusa ya EXECUTE juu ya prosija pekee, bila kuyagusa majedwali yaliyo chini yake. Nyingine ni kazi ya pamoja. Ikiwa kupata orodha ya wanachama wanaotimiza vigezo fulani ni hesabu nzito, prosija inaweza kuifanya mara moja, ikaweka matokeo kwenye jedwali la muda, kisha ikatoa ukurasa wa kwanza wa orodha, jumla ya mistari na muhtasari wa matawi kutoka kwenye hesabu hiyohiyo.

## Njia ya kwanza: kumimina matokeo moja kwa moja

Ndiyo njia ya SQL Server, Sybase na MySQL. Upande wa programu, kila mazingira yana amri ya kusogea kutoka jedwali moja hadi linalofuata: NextResult kwenye ADO.NET, getMoreResults kwenye JDBC, SQLMoreResults kwenye ODBC, nextRowset kwenye PDO ya PHP.

Nguvu yake ni wepesi. Anayejua SELECT ameshajua namna ya kuandika prosija ya aina hii. Mistari huanza kusomwa kabla ya yote kukamilika, na safari ni moja.

Udhaifu wake ni kwamba makubaliano kati ya prosija na mwitaji hayaandikwi popote. Tangazo la prosija linaonyesha parameta zinazoingia, lakini halisemi ni majedwali mangapi yatatoka, kwa mpangilio gani, na yenye safu zipi. Mtu akiongeza SELECT moja juu kabisa kwa ajili ya kusaka hitilafu na akasahau kuiondoa, jedwali la mikopo litasomwa mahali pa akaunti. SQL Server ina prosija ya mfumo, sp_describe_first_result_set, inayoeleza umbo la matokeo, lakini kama jina lake linavyosema, hueleza la kwanza tu. Tangu toleo la 2012 mwitaji anaweza kutamka maumbo anayoyatarajia kwa WITH RESULT SETS, na ukaguzi huo unafaa kutumika kuliko unavyotumika sasa.

Matatizo mengine hujificha kwenye usomaji. Bila SET NOCOUNT ON, kila INSERT au UPDATE ndani ya prosija hutuma idadi ya mistari iliyoguswa, na baadhi ya draiva huihesabu idadi hiyo kuwa tokeo mojawapo. Ndiyo maana kwenye JDBC kupata false kutoka getMoreResults hakutoshi kusema yamekwisha. Sharti getUpdateCount nayo irudishe −1. Parameta za kutoa katika SQL Server hupatikana baada ya majedwali yote kusomwa, kwa hiyo anayeziangalia mapema hukuta patupu. Linalotisha zaidi ni kwamba hitilafu inayotokea kwenye SELECT ya tatu hujitokeza msomaji anapofika hapo. Programu inayosoma jedwali la kwanza na kuondoka inaweza isijue kabisa kwamba kazi ilivunjika katikati.

Kwenye MySQL, ile hitilafu 2014 ina sababu yake. CALL hurudisha majedwali yote, kisha tokeo moja la mwisho lenye hali ya utekelezaji. Msomaji wa PHP aliyechukua jedwali moja na kutuma ulizo jipya ameacha mabaki kwenye muunganisho. Dawa ni kuzungusha next_result ya mysqli hadi mkondo ukauke.

Tahadhari moja zaidi kwa watumiaji wa SQL Server: kipengele cha MARS, kilichokuja na toleo la 2005, si sharti la kusoma majedwali mengi kutoka prosija moja. Kazi yake ni kuruhusu maulizo zaidi ya moja kuwa wazi kwa wakati mmoja juu ya muunganisho mmoja. Kuwasha MARS ili NextResult ifanye kazi ni kutibu ugonjwa usiokuwepo.

## Njia ya pili: kukabidhi kursa

Katika Oracle, prosija ya ukurasa wa mwanachama ingekuwa na parameta tatu za kutoa za aina ya SYS_REFCURSOR, kila moja na jina lake: akaunti, mikopo, wadhamini. Makubaliano yanaonekana kwenye tangazo lenyewe. Mwitaji anaweza kusoma kursa ya mikopo kwanza, au akaacha ya wadhamini bila kuigusa, na kila moja anaisoma kwa mafungu anayoyataka.

Gharama iko kwenye usimamizi. Kursa ni rasilimali ya seva inayobaki wazi hadi ifungwe. Programu isiyofunga hujikuta siku moja ikipata ORA-01000, kwamba idadi ya juu ya kursa zilizo wazi imepitwa, na mara nyingi hitilafu hiyo hujitokeza mbali na msimbo uliosababisha. Pia kila kursa husomwa kwa maombi yake yenyewe, hivyo safari zilizokusudiwa kupunguzwa hurudi kwa mlango wa nyuma.

Kwenye PostgreSQL hali ni nzito zaidi. Aina ya refcursor humpa mwitaji jina la kursa tu, na kursa hiyo huishi ndani ya muamala. Mwitaji huanza na BEGIN, huita prosija, hutuma FETCH ALL kwa kila kursa, kisha COMMIT. Kwa majedwali matatu hizo ni amri sita. Akisahau BEGIN, kursa hufa mara prosija inapomalizika, naye hubaki na jina la kitu ambacho hakipo. Pendekezo la kuleta majedwali mengi ya moja kwa moja limejadiliwa na watunzi wa PostgreSQL kwa miaka kadhaa, lakini hadi toleo la 17 halikuwa limeingia.

Oracle yenyewe ililegeza msimamo. Toleo la 12c, la mwaka 2013, lilileta DBMS_SQL.RETURN_RESULT, inayomwezesha mwandishi kufungua kursa na kuirudisha bila kuitangaza kwenye parameta. Lengo lilikuwa kurahisisha kuhamisha mifumo kutoka SQL Server na Sybase. Aliyeichagua kwa ajili ya kuhama amefanya sawa. Anayeitumia kwenye mfumo mpya wa Oracle ameacha faida kuu ya kursa, yaani makubaliano yaliyoandikwa, na kujitwalia udhaifu wa njia ya kwanza.

## Njia ya tatu: hati moja ya JSON

Njia hii inarudisha mstari mmoja wenye safu moja, na ndani yake kuna hati nzima: mwanachama, orodha ya akaunti zake, mikopo yake na wadhamini wake. PostgreSQL ina json_agg, SQL Server ina FOR JSON tangu toleo la 2016, na MySQL ina aina ya JSON tangu 5.7.

Inavutia kwa sababu haina ugomvi na draiva yoyote. Kila kitu huja kwa safari moja na ulizo moja, kila orodha ina jina, na ukurasa wa wavuti unaohitaji JSON huipata ikiwa tayari. Kwa PostgreSQL, ambako njia ya kwanza haipo na ya pili ni nzito, mara nyingi hili ndilo jibu la kawaida.

Lakini aina za data hupotea njiani. Tarehe hugeuka maandishi. Namba ya desimali iliyotunzwa kwa usahihi kwenye kanzidata inaweza kusomwa kama namba ya kuelea upande wa pili, na JavaScript haitofautishi kwa uhakika namba nzima zinazozidi 2 kwa kipeo cha 53. Kwa fedha na namba ndefu za akaunti hilo si dogo. Zitumwe kama maandishi. Majina ya safu hurudiwa kwa kila mstari, seva hubeba kazi ya kuijenga hati yote kwenye kumbukumbu, na msomaji hawezi kuanza kusoma hadi hati iishe. Mistari 12 haina shida. Mistari 500,000 ya taarifa ya mwaka ni habari nyingine.

## Njia ya nne: maulizo tofauti, safari moja

Wapinzani wa majedwali mengi hupendekeza kila prosija irudishe kitu kimoja. Hoja yao ina uzito. Fanksheni inayorudisha mikopo peke yake hupimwa peke yake, hutumiwa na ripoti nyingine, na kwenye PostgreSQL inaweza kuingia ndani ya FROM. Maktaba za kuunganisha vitu na majedwali nazo huifurahia: Entity Framework Core, kwa mfano, imejengwa kwa dhana ya tokeo moja kwa ulizo, ilhali Dapper ina QueryMultiple kwa wanaotaka zaidi.

Wengi hudhani bei ya usafi huo ni safari nyingi. Si lazima. Programu inaweza kutuma maulizo matatu kwa mkupuo na kusoma majibu kwa mfuatano. Maktaba ya libpq ya PostgreSQL ilipata hali ya bomba katika toleo la 14, mwaka 2021, inayoruhusu kutuma maombi mengi bila kusubiri jibu la kila moja. Kinachobaki kuwa udhaifu wa kweli ni kazi ya pamoja: hesabu nzito ambayo prosija moja ingeifanya mara moja, hapa itarudiwa mara tatu, au itahitaji jedwali la muda ambalo sasa ni mzigo wa mwitaji.

## Jambo linaloachwa nje ya mjadala

Wengi huamini kwamba SELECT tatu zikiwa ndani ya prosija moja, zote huona data ya wakati mmoja. Kwa kawaida si kweli.

Tuseme SELECT ya kwanza inasoma salio la akaunti, na ya pili inasoma miamala yake. Malipo yakiingia katikati, ukurasa utaonyesha salio la zamani pamoja na muamala mpya, na jumla hazitalingana. Oracle, PostgreSQL na SQL Server kwa mipangilio yao ya awali hutumia READ COMMITTED, na kiwango hicho hakiahidi kwamba amri mbili zinazofuatana zitaona hali ileile. Kwenye MySQL kiwango cha awali cha InnoDB ni REPEATABLE READ, lakini autocommit ikiwa imewashwa kila SELECT ndani ya prosija huwa muamala wake, na ulinzi huo hauna kazi.

Dawa ipo na haitegemei njia iliyochaguliwa. PostgreSQL na MySQL zinahitaji muamala mmoja wa REPEATABLE READ. Oracle ina SET TRANSACTION READ ONLY. SQL Server ina kiwango cha SNAPSHOT, kikiruhusiwa kwenye kanzidata husika. Hati ya JSON inayojengwa kwa ulizo moja hupata faida hii kwenye PostgreSQL na Oracle bila kuomba, kwa kuwa huko ulizo moja huona wakati mmoja.

## Kwenye mizani

Mambo manne yanatosha kuamua. La kwanza ni umbali kati ya programu na kanzidata. Ukiwa mdogo, hoja ya safari hupoteza nguvu. La pili ni idadi ya waitaji. Prosija inayotumiwa na programu moja, inayotunzwa na timu ileile, inaweza kubeba makubaliano yasiyoandikwa. Ikitumiwa na programu ya simu, ripoti za usiku na mfumo wa mshirika, makubaliano hayo yatavunjika, na atakayegundua kwanza ni mtumiaji. La tatu ni ukubwa wa matokeo, na la nne ni uwezekano wa kuhama kanzidata, kwani njia ya kwanza ndiyo ngumu zaidi kuihamisha kwenda PostgreSQL.

Kwa muhtasari, anayetumia SQL Server au MySQL, mwenye mwitaji mmoja au hesabu nzito ya pamoja, amimine majedwali mengi bila kuona haya, ila aandike mpangilio wake juu ya prosija, azime hesabu za mistari, na asome hadi mwisho. Anayetumia Oracle atumie kursa zenye majina na azifunge. Anayetumia PostgreSQL achague JSON kwa ukurasa mdogo na fanksheni za tokeo moja kwa kila kitu kingine. Prosija yenye waitaji wengi irudishe tokeo moja, kanzidata yoyote iwayo.

Na yeyote anayeonyesha salio na miamala kwenye ukurasa mmoja, kabla ya kubishana kuhusu idadi ya majedwali, afungue prosija yake leo aangalie imetamka kiwango gani cha muamala. Kama haijatamka chochote, aanzie hapo.